Ncha ya Dunia Ina Wenyewe

Jedwali letu lilikuwa na safu kumi na nne. Petroli, feri, matairi, nguo za mvua, nguo za ndani za joto, hema, bima, viza, hadi neti ya kichwa ya kuzuia mbu, maana kule kaskazini mwa Ulaya kuna mbu, na mwezi wa saba hawachezi. Rafiki yangu aliipaka kila safu rangi yake. Mpango ulikuwa tukodishe pikipiki mbili kusini mwa Uswidi, tupande nazo hadi Nordkapp, Norwei, pale ambapo kila mtu mwenye nduthi na ndoto huko Ulaya hutaka kupigwa picha. Kwa miezi mitatu tulikutana kwao kila Jumapili: chai, mandazi, simu mbili na ramani moja.

Jumapili moja mama yake akapita na sufuria, akasimama, akaangalia ramani. "Na huko mtafikia kwa nani?"

Tukacheka. Tukamweleza kuhusu hema. Tukamweleza kwamba kule kuna haki ya kila mtu kutembea na kulala porini, kwamba Norwei iliiandika kwenye sheria mwaka 1957, na unachotakiwa ni kukaa angalau mita 150 kutoka nyumba ya watu. Mama akasikiliza yote kwa adabu. "Sawa wanangu. Lakini mtafikia kwa nani?"

Hiyo safari haijafanyika bado, na sababu nitaisema mbele. Lakini katika kuipanga tulisoma na kutazama karibu kila hadithi ya safari ya mbali tuliyoweza kupata, na nimegundua kwamba swali la mama ndilo swali zuri zaidi la uhakiki nililowahi kusikia kuhusu hadithi hizi. Nimelichukua. Nataka kulitumia hapa.

Kwanza tukubaliane kwamba safari ya pikipiki ni utanzu kamili, wenye kanuni zake. Inaanza na orodha ya vitu. Kisha kuna kuagana na familia. Kisha chuma kinaharibika mahali pabaya. Halafu anatokea mwenyeji mmoja mwenye mashine ya kuchomelea, anatengeneza, anakataa pesa, anapotea kwenye hadithi. Mwisho ni picha kwenye bango au mnara. Ukiangalia vizuri, mwenyeji ameingia kwa mlango wa nyuma, na spana mkononi, kisha akatoka na mlango ule ule.

Babu wa ukoo huu ni *Jupiter's Travels* ya Ted Simon, iliyotoka 1979. Simon aliondoka London mwaka 1973 na Triumph ya cc 500, akazunguka dunia kwa miaka minne, Kenya ikiwemo. Kusema ukweli, ni kitabu kizuri, na uzuri wake una mpangilio: kila Triumph inapogoma, kurasa zinapanda kiwango. Alipowekwa korokoroni Fortaleza, Brazil, kurasa zilipanda zaidi. Nadhani sababu ni rahisi. Mtu anayesonga huona mandhari, lakini aliyekwama hana budi kuwategemea watu, na akiwategemea anaanza kuwaona.

Wajukuu wa Simon ni Ewan McGregor na Charley Boorman, waigizaji wawili waliogeuza pikipiki kuwa televisheni tangu *Long Way Round* ya 2004. Mwaka 2007 walipita hata huku kwetu, wakishuka kutoka Scotland hadi Cape Town katika *Long Way Down*. Mwaka 2025 wakatoa *Long Way Home*: kutoka nyumbani kwa McGregor kule Scotland hadi kwa Boorman kule Uingereza, ila badala ya kushuka moja kwa moja wanavuka bahari, wanapanda Skandinavia hadi ndani ya Aktiki, kisha wanarudi kwa nchi za Baltiki na bara la Ulaya. McGregor yuko juu ya Moto Guzzi Eldorado ya 1974, Boorman yuko juu ya BMW R75/5 ya 1973.

Huo uchaguzi wa vyuma vya zamani ndio ulionifundisha zaidi kuhusu safari yetu. Barabara za Skandinavia ni laini. Lami inafika hadi mwisho kabisa. Hospitali zipo, maji ya bomba unakunywa, na barabara nyingi za kulipia hazitozi pikipiki. Sasa kama unataka hadithi yenye shida, na njia haina shida, shida itabidi uibebe kutoka nyumbani. Pikipiki ya miaka hamsini ni shida uliyoipaki mwenyewe kwenye mizigo. Ni ujanja wa mtunzi, na si ujanja mbaya. Nilifurahia kuwatazama wanaume wawili wa makamo wakihangaika na injini zilizozeeka pamoja nao.

Lakini ukiwauliza lile swali, jibu ni jepesi mno. Wanafikia kwa nani? Wanafikia popote. Nyuma yao kuna magari ya wapigapicha na wasaidizi, na mifukoni mwao kuna pasipoti ambazo mlinzi wa mpaka hazifungui mara mbili. Uhuru tunaouona kwenye skrini unaonekana kama unatoka kwenye pikipiki. Kwa sehemu kubwa unatoka kwenye kile kijitabu cha mfukoni.

Sasa tuingie kwenye mwisho wenyewe, ile "ncha ya dunia". Nordkapp ni mwamba wa mita 307 unaotazama bahari, latitudo ya nyuzi 71 na dakika 10 kaskazini. Kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Julai jua halitui pale. Saa sita usiku liko juu ya maji, la dhahabu, kama limesahau kazi yake. Siwezi kubisha uzuri huo.

Lakini kama hadithi, Nordkapp ni tungo. Jina hilo walilitoa mabaharia Waingereza mwaka 1553, waliokuwa wakitafuta njia ya kwenda Uchina. Mwaka 1664 kasisi Mwitaliano, Francesco Negri, alifika akitalii, na kitabu chake kikatoka mwaka 1700, yeye akiwa ameshakufa. Wafalme wakafuata: Oscar wa Pili mwaka 1873, Chulalongkorn wa Siam mwaka 1907. Barabara ya magari ikafika 1956. Ile tufe ya chuma unayoiona kwenye picha za kila mtu ikasimamishwa 1978. Mwaka 1999 likafunguliwa handaki la karibu kilomita 7 linaloshuka mita 212 chini ya bahari, kwa sababu, ngoja nikuambie, Nordkapp iko kwenye kisiwa. Kinaitwa Magerøya. Ncha ya bara lenyewe ni Kinnarodden, upande wa mashariki, na huko hakuna barabara. Hata hapo kisiwani, Nordkapp si ya kwanza: rasi ya jirani, Knivskjellodden, imeipita kwa zaidi ya kilomita moja. Bado hatujataja visiwa vya Svalbard, ambavyo viko juu zaidi na ni vya Norwei pia.

Kwa nini basi mwisho wa dunia uko Nordkapp? Kwa sababu pale ndipo barabara inapofika. Knivskjellodden unaacha pikipiki kwenye maegesho, unatembea kilomita 9 juu ya mawe na matope, kisha 9 za kurudi. Hakuna tufe kubwa ya kukungoja. Utanzu wetu umechagua mwisho unaokaa vizuri kwenye picha pamoja na chuma, na ukauita mwisho wa dunia.

Na tungo ya "ncha" inahitaji tungo nyingine pembeni yake: kwamba njia ya kufika huko ni tupu. Hapo ndipo swali la mama linapouma.

Njia tuliyoichora ilikuwa E45, inayopasua Uswidi kutoka Göteborg hadi Karesuando: zaidi ya kilomita 1,600, sehemu kubwa misonobari na maziwa. Karibu kila maelezo niliyosoma kuhusu barabara hii yana neno "pweke" au "pori". Lakini hebu soma majina. Arvidsjaur. Jokkmokk. Kisha unavuka kona ya Ufini, unaingia Kautokeino. Hayo majina yana asili ya Kisami, na nchi unayopita, yenye kugawanywa na Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, wenyewe wanaiita Sápmi. Jokkmokk ina soko la majira ya baridi tangu 1605. Karasjok, upande wa Norwei, kuna Bunge la Wasami lililofunguliwa na Mfalme Olav wa Tano mwaka 1989. Pweke wapi, bana?

Hata wale kulungu wa kaskazini wanaolala katikati ya lami, ambao kila mwendesha pikipiki anawapiga picha na kuandika "wanyamapori!", si wa pori. Wana wenyewe. Masikio yao yamekatwa alama za familia, jinsi wafugaji wetu wanavyotia alama mifugo yao. Ukimgonga mmoja, sheria inataka uripoti, kwa sababu umegonga mali ya mtu. Wale wa Magerøya, nyuma ya tufe kabisa, wako kwenye malisho ya kiangazi ya wafugaji Wasami. Yaani hata pale kwenye ncha ya dunia, mtu anachunga.

Wenyewe wameandika pia, na zamani. Mwaka 1910 Johan Turi, Msami mwindaji wa mbwa mwitu, alichapisha *Muitalus sámiid birra*, masimulizi kuhusu Wasami, kwa Kisami, akisaidiwa na Emilie Demant Hatt wa Denmark aliyekitafsiri kwa Kidenmaki. Ndicho kitabu cha kwanza kisicho cha dini kilichoandikwa na Msami kwa lugha yake. Turi anaeleza kwamba aliandika ili watawala wa Uswidi waelewe maisha ya watu wake. Kitabu kimejaa kuhama, theluji, kulungu, dawa. Kwa maneno mengine ni kitabu cha safari, chenye njia nyingi kuliko zile zilizo kwenye jedwali letu, ila hakuna "mwisho" anaoukimbilia. Watu wanaohama hawaendi mwisho, wanaenda malishoni na wanarudi.

Na zamani hizo hizo walikuwa tayari wanafungiwa. Mpaka kati ya Norwei na Ufini ulifungwa kwa kulungu mwaka 1852, na ule wa Uswidi na Ufini mwaka 1889. Ni mipaka ile ile ambayo kwenye filamu za pikipiki inapita kwa sekunde mbili: daraja, bango la buluu, muziki. Mtazamaji anaambiwa hapa hakuna mpaka. Ukweli ni kwamba mpaka upo, inategemea tu ni nani anavuka.

Kama unataka kuona kaskazini hiyo kutoka ndani, soma *Stöld* ya Ann-Helén Laestadius, riwaya ya 2021 ambayo Netflix waliigeuza filamu mwaka 2024. Msichana wa Kisami anamkuta mwanamume akimuua ndama wake wa kulungu. Polisi wanaandika ni wizi. Ndiyo maana ya jina la riwaya: wizi. Kwa familia ni kama kuuawa kwa ndugu, kwa faili ni mali iliyopotea, na faili inafungwa. Laestadius si mwandishi wa madoido, na mahali pengine riwaya yake inaeleza sana. Lakini ina kitu ambacho sikukipata katika hadithi yoyote ya pikipiki: sauti ya injini ikisikika kutoka ndani ya nyumba. Kwenye *Stöld* injini inayokuja mbali si uhuru. Ni swali: huyo ni nani, na anataka nini?

Nani basi aliwahi kwenda kaskazini ya mbali na akajibu swali la mama? Jibu linatoka Togo. Tété-Michel Kpomassie alikuwa kijana wa miaka kumi na sita alipoanguka kutoka kwenye mnazi baada ya kukutana na nyoka huko juu. Akiwa anapona, familia ikiwa imemwahidi kwa ibada ya chatu, alipata kitabu kuhusu watu wa Greenland katika duka la vitabu Lomé. Nchi ya barafu, bila miti, bila nyoka. Akatoroka nyumbani. Ilimchukua karibu miaka minane kufika, akifanya kazi njiani Ghana, Senegal, Ufaransa, Ujerumani na Denmark, akijifunza lugha. Alishuka melini Greenland mwaka 1965. Kitabu chake, *L'Africain du Groenland*, kilitoka 1981, na Kiingereza chake kinaitwa *An African in Greenland*.

Najua, Greenland si Skandinavia, na Kpomassie hakuwa na pikipiki. Lakini alipitia Copenhagen kwa sababu kisiwa kilikuwa chini ya Denmark, na alikuwa na kitu ambacho sisi tulikikosa kwenye safu zote kumi na nne: alifikia kwa watu. Analala katika nyumba zao, anakula nyama wanayokula, anavua nao, anakosana nao. Huko Upernavik anakaa na mzee Robert Mattaaq katika nyumba ya udongo wenye nyasi, ambayo kuta zake mzee amezibandika kurasa za magazeti na majarida mpaka zimekuwa maktaba yake. Kpomassie si malaika. Ana macho makali kuhusu pombe na uchafu, na mambo yake na wasichana wa wenyewe mengine yanakera leo. Lakini anapokosea, anakosea mbele ya watu wenye majina, na wao wanamjibu. Ndani ya kurasa zake hakuna sehemu tupu.

Tena lengo lake lilikuwa Thule, kaskazini kabisa. Hakufika. Kitabu hakikuharibika kwa sababu hiyo.

Nikifika hapa rafiki yangu huniambia ninajifanya msafi. Ana haki. Agosti miaka miwili iliyopita tulitoka Marsabit na nduthi, tukapita Chalbi kuelekea Loiyangalani. Karibu na Kalacha nikapata pancha, na tyubu ya akiba ikawa na tundu. Mzee mmoja Mgabra akaja akaketi nasi kwenye kivuli cha pikipiki, karibu saa mbili. Alimtuma kijana, kijana akaleta mwenye boda, mwenye boda akaleta viraka na pampu. Tukapiga picha: mimi, chuma, mchanga mweupe hadi upeo wa macho, na mzee upande wa kushoto, na fimbo yake.

Kabla ya kuipakia niliikata. Nilimtoa mzee. Chini nikaandika: "Hakuna mtu hapa. Ni sisi na Mungu tu." Ilipata mioyo mingi kuliko picha yoyote niliyowahi kuweka.

Sisi wa Nairobi tuna kaskazini yetu, na tunaiandika vile vile wanavyoandika yao. Tupu. Pori. Tumeishinda. Nilikuwa tayari kabisa kuandika aya kali kuhusu wazungu na Wasami, na kumbe mkono wangu ndio uliokuwa umeshika makasi.

Sasa, viza. Ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, na inakuruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Nilipofungua fomu nilicheka peke yangu, kwa sababu swali la mama limo. Jina la mtu aliyekualika. Kama hayupo, hoteli au makao ya muda. Utafikia kwa nani? Tuliandika hema. Tuliambatisha maelezo kuhusu ile haki ya kulala porini, ambayo nchi hizo zinajivunia kwa watalii wote. Jibu lilikuja na alama kwenye kisanduku: madhumuni na masharti ya kukaa kwetu hayakuthibitishwa.

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Mama anauliza swali hilo ili ajue nani atakupa chakula ukiugua. Fomu inauliza ili ijue nani wa kumtafuta usiporudi. Maneno ni yale yale. Na Mjerumani wa umri wangu anapanda E45 mwaka hadi mwaka bila kuulizwa lolote kati ya hayo mawili, kisha anaandika kwamba barabara ilimfundisha uhuru.

Tutaomba tena. Jedwali sasa lina safu ya kumi na tano, inaitwa "Wenyeji", na ni hiyo tunayoijaza kwanza. Tumeweka siku mbili Jokkmokk, tuone makumbusho ya Ájtte kabla ya kuendelea. Turi tunamsoma kwa Kiingereza, sura moja kila Jumapili. Na tukifika Magerøya, pikipiki zitabaki kwenye maegesho, tutembee zile kilomita 9.

Lakini Desemba tunaenda Kalacha. Picha nzima, ile isiyokatwa, ilikuwa bado kwenye simu yangu. Tumeichapisha kwenye karatasi nzuri, tukaifunga na nailoni isiingie vumbi. Jumapili iliyopita mama alituona tukiipima kama itaingia kwenye begi, akauliza lile swali lake. Safari hii tulikuwa na jina la kumtajia, maana tulimpigia yule mwenye boda, na yeye akatuambia mzee anaitwa nani.